Kuhesabiwa Haki ao Kufanywa Mwenye Haki?

Kati ya wakristu wanaosoma Biblia kwa Kiswahili kuna neno moja linalosikiwa sana, nalo ni «kuhesabiwa haki». Waprotestanti wanalitumia tangu zamani. Siku hizi wakatolika wengi wanalitumia vilevile, kwani Biblia wanayoshika mkononi ni mara nyingi ile ya Union Version, iliyotolewa na vyama vya Biblia mwaka wa 1952, na humo neno hilo linarudi tena na tena katika sura ya tatu na ya nne ya barua kwa Waroma. Waseminari wanalichukua katika mahubiri yao bila kuuliza limetoka wapi. Makatekista wanalisikia, nao wanalipeleka vijijini. Sisi hatulikatazi. Lakini neno likibeba fundisho kubwa kama hili, yaani namna Mungu anavyomwokoa mtu, tunapashwa kulipima kabla ya kulitia katika masikio ya watu.

Tuanze na Kigreki. Mtakatifu Paulo ana maneno mawili pale ambapo sisi tunasikia moja tu. La kwanza ni dikaioo, ambalo ndani yake kuna neno dikaios, mwenye haki. La pili ni logizomai, na hilo ni neno la watu wa hesabu: kuandika katika kitabu, kutia kitu upande wa fulani. Paulo alilipata katika kitabu cha Mwanzo (15, 6), pahali tunaposoma kwamba Abrahamu alimwamini Mungu na imani ile ikaandikwa kwake kuwa haki. Kwa neno hili la pili, «kuhesabiwa» ni tafsiri safi kabisa; hatuoni nyingine iliyo bora. Shida iko katika lile la kwanza. Watafsiri walilisema nalo kwa neno lile lile la kuhesabu. Fungueni Rom. 4, 5. Katika mstari huo mmoja Paulo anatumia dikaioo juu ya Mungu na mtu mwovu, kisha logizomai juu ya imani ya mtu huyo. Katika Biblia ya 1952 yote mawili yamekuwa kuhesabu. Msomaji hawezi kujua kwamba Mtume alikuwa na maneno mawili mdomoni.

Je, kulikuwa na hila? Hapana, na tunaomba waseminari waache maneno ya namna hiyo. Walimu wetu wa zamani walizoea kusema: iustificare kwa Kilatini ni iustum facere, kufanya mtu awe mwenye haki, Mtakatifu Augustino mwenyewe alilieleza hivyo, basi maneno yamekwisha. Kwa Kilatini yamekwisha kweli. Kwa Kigreki bado. Maneno ya Kigreki yenye mwisho huo hayafanyi kazi ya namna moja. Douloo ni kumfanya mtu kuwa mtumwa. Lakini axioo si kumfanya mtu astahili, bali ni kumwona kuwa anastahili. Na mbele ya baraza la hukumu, dikaioo ni kutangaza kwamba mtu fulani ana haki, hana kosa. Kwa hiyo wale waliosikia katika neno la Paulo sauti ya hakimu walisikia vizuri. Anayejibu kwamba Waprotestanti wamegeuza neno, huyo amesoma Kilatini na kusahau kwamba Paulo hakuandika Kilatini.

Lakini tuulize tena: hakimu huyu ni nani? Mzee wa baraza akisema, «Huyu hana kosa», mtu anarudi nyumbani akiwa yule yule aliyekuja asubuhi. Kama alikuwa mwizi aliyefichwa na ukosefu wa mashahidi, anarudi mwizi. Neno la mzee limebadilisha jina lake mbele ya watu, halikugusa moyo wake. Neno la Mungu si hivyo. Katika ukurasa wa kwanza wa Maandiko Mungu anasema na kitu kinakuwa. Na Paulo, katika sura ile ile ya nne ya Waroma (4, 17), anamkumbuka Mungu anayeita vitu visivyokuwako navyo vinakuwako. Basi Mungu akimtangaza mtu kuwa mwenye haki, tangazo lile linazaa haki ndani yake. Maelezo haya tunayapata kwa nguvu nyingi katika mafundisho juu ya jambo hili ambayo John Henry Newman alitoa katika kitabu mwaka wa 1838, alipokuwa bado padri wa Kianglikana. Aliingia katika Eklezia Katolika mwaka wa 1845. Mpaka leo tunaona kwamba hakuna aliyepita katikati ya pande mbili kwa usafi kuliko yeye. Anawapa Waprotestanti neno lao lote, kutangaza, kisha anawaonyesha kwamba neno hilo, likitoka katika kinywa cha Mungu, linafika mbali kuliko walivyofikiri.

Hii ndiyo sababu tunasema kwamba «kuhesabiwa haki» si uwongo, ila ni nusu. Hata Biblia ya 1952 yenyewe inatoa nusu nyingine, ukiendelea kusoma: katika Rom. 5, 19, pahali Paulo anapotumia neno jingine la Kigreki, watafsiri wameandika juu ya kuingizwa katika hali ya wenye haki. Hali! Mtu aliyeingizwa katika hali mpya si jina tu lililobadilika katika kitabu. Tunasikitika kwamba wahubiri wanaokaa siku nzima katika sura ya tatu na ya nne wanachoka kabla ya kufika huko.

Mtaguso wa Trento ulisema jambo lile lile kwa neno dogo ambalo wanafunzi wanaliruka. Katika sura ya 7 ya fundisho lake juu ya jambo hili, lililotolewa tarehe 13 Januari 1547, Mababa wanafundisha kwamba hatuhesabiwi tu kuwa wenye haki: tunaitwa hivyo kwa kweli, na ndivyo tulivyo. Angalieni lile «tu». Mtaguso haukufuta kuhesabiwa. Ulikataa tu kwamba mambo yaishie hapo. Katika sura ya 8 unasema kwamba imani ndiyo mwanzo wa wokovu wa mtu, msingi wake na mzizi wake, na kwamba hakuna chochote kinachotangulia, imani wala matendo, kinachoweza kununua neema hiyo. Na kanuni ya kwanza kabisa kati ya 33, ile iliyowekwa mlangoni, inamhukumu mtu anayesema kwamba tunaweza kuwa wenye haki mbele ya Mungu kwa matendo yetu wenyewe pasipo neema. Mara ngapi tumesikia kwamba Trento ni mtaguso wa matendo? Wanaosema hivyo hawakufungua mlango.

Sasa turudi kwa Kiswahili, kwani kuna jambo jingine ambalo Wagreki hawakuwa nalo. Kwetu neno «haki» lina maana mbili. Kuna haki ya mtu mwema, na kuna haki ambayo ni mali yangu, kile ninachodai: «Nipe haki yangu.» Na «kuhesabiwa» linasikika siku ya kulipwa, wakati karani anapopanga noti mezani mbele ya mfanyakazi. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja, mtu wa kijijini anasikia nini? Anasikia kwamba amehesabiwa haki yake, yaani amelipwa anachostahili. Neno lililoletwa kusudi litangaze zawadi ya bure linaingia katika sikio kama mshahara! Na Paulo, mstari mmoja kabla ya ule tuliousoma (Rom. 4, 4), anasema waziwazi kwamba mfanyakazi hapewi mshahara kama zawadi, anapewa kama deni, naye anataka kutuondoa huko. Shida hii hatuioni ikitajwa na wale wanaogombana juu ya imani na matendo. Labda ni kwa sababu wanagombana kwa lugha za Ulaya.

Biblia ya Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, imejaribu njia nyingine: mtu anakubaliwa kuwa mwadilifu. Tunasifu nia yao. Karani ameondoka na meza yake. Lakini anayekubaliwa ni kama mgeni aliyefunguliwa mlango, hatujui kama amebadilika. Na «mwadilifu» ni mtu wa mwenendo mzuri, hata mpagani anaweza kuwa mwadilifu kazini mwake. Mzizi wa neno, ile haki inayotoka kwa Mungu na kurudi kwake, umepotea njiani. Sisi katika mafundisho tunapenda zaidi kusema «kufanywa mwenye haki». Ni neno la kawaida, mtoto analielewa, na linaonyesha nani anafanya na nani anafanywa.

Mwenye kulinganisha maneno haya atafika mapema kwa Mtakatifu Yakobo, na huko wengi wanaogopa. Kwani Yakobo (2, 24) anatumia dikaioo ile ile ya Paulo, na kusema kwamba mtu anapata hiyo kwa matendo, si kwa imani peke yake. Hapa Biblia ya 1952 ilifanya kazi ya uaminifu: imeweka kwa Yakobo neno lile lile iliyoweka kwa Paulo, wala haikujaribu kuficha ugumu. Luther hakuwa na uvumilivu huo. Alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka wa 1522 alitia katika Rom. 3, 28 neno «peke yake», ambalo Kigreki hakina, na katika utangulizi wake akaandika kwamba barua ya Yakobo, ukiilinganisha na vitabu vikubwa vya Agano Jipya, ni kama majani makavu. Mwaka wa 1530 alitoa barua nzima kutetea neno lile: alisema kwamba Kijerumani kinalidai. Tuseme kweli: hakuwa wa kwanza. Kabla yake Mtakatifu Bernardo na Mtakatifu Toma wa Akwino walikwisha kusema «imani peke yake» walipomweleza Paulo, na Padri Joseph Fitzmyer, Mjesuita, alikusanya mifano yao na ya wengine katika maelezo yake ya barua kwa Waroma ya mwaka wa 1993. Ila wao hawakuwa na nia ya kutenga imani na mapendo. Na Papa Benedikto XVI, katika katekesi yake ya tarehe 19 Novemba 2008, alisema kwamba neno la Luther ni la kweli kama imani haipingwi na mapendo. Waseminari wengine walishangaa. Wangekuwa wamesoma Gal. 5, 6, pahali Paulo anapotaja imani inayofanya kazi kwa mapendo, wasingeshangaa.

Kwa Paulo na Yakobo, jambo la kuangalia ni wakati. Wote wawili wanamwita Abrahamu awe shahidi, na wote wawili wanataja mstari ule ule wa Mwanzo 15. Lakini Paulo anamshika Abrahamu usiku ule wa nyota, mbele ya kutahiriwa, bila mtoto, bila Sheria, bila kitu mkononi. Anamwuliza: uliingiaje? Yakobo anamshika mtu huyo huyo miaka mingi nyuma yake, Isaka amekwisha kukua, kuni zimepangwa juu ya altare. Anamwuliza: ile imani ya siku zile iko wapi? Tena watu waliokuwa mbele yao hawakuwa wa namna moja. Paulo alipambana na wale waliotaka wapagani wapitie kwanza katika tohara na matendo ya Sheria ya Musa. Yakobo alikuwa na wakristu wanaomwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani ashibe, nao hawampi hata kidogo. Kwa hawa alikumbusha kwamba hata mashetani wanaamini, na wanatetemeka.

Ugomvi wa karne ya 16 ulifika pahali papya tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Kardinali Edward Idris Cassidy na Askofu Christian Krause walipotia sahihi Tangazo la Pamoja kati ya Eklezia Katolika na Shirikisho la Waluteri la Dunia. Baraza la Wametodisti la Dunia lilijiunga mwaka wa 2006, jambo linalowagusa ndugu zetu Wametodisti wa Katanga kuliko wengi wetu tunavyojua. Waanglikana walilipokea mwaka wa 2016, Wareformati mwaka wa 2017. Tangazo lina namba 44. Namba ya 15 ndiyo moyo wake: kwa neema peke yake, katika imani, wala si kwa mastahili yoyote ya kwetu, Mungu anatupokea, na Roho Mtakatifu anafanya mioyo yetu upya na kututuma kwa matendo mema. Kupokewa na kufanywa upya ni katika sentensi moja. Nusu zile mbili tulizozitafuta zimekutana. Kwa hilo tunatoa sifa bila kupunguza.

Lakini sifa haituzuii kusema yaliyobaki. Kwanza, Tangazo halikufuta Trento, kama wengine wanavyohubiri kwa haraka. Linasema kwamba hukumu za zamani hazigusi fundisho la Waluteri kama lilivyoelezwa ndani ya Tangazo lenyewe. Ni jambo kubwa, na ni jambo lenye mpaka. Walimu wengi wa teolojia wa Kiprotestanti katika Ujerumani walilipinga mwaka wa 1998, na Roma nayo mwaka ule iliuliza sana juu ya fundisho kwamba mwenye haki ni papo hapo mkosaji, mpaka ikabidi kuongeza maelezo ya nyongeza. Pili, na hapa ni lawama yetu hasa: ni maandiko ya maprofesa kwa maprofesa. Kila namba ni kama mzani wa dhahabu, upande huu na upande huu. Katekista akiisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, atakuwa amejifunza namna makanisa yanavyozungumza, lakini hatajua bado atamwambia nini mtu mgonjwa.

Na ni kwa mgonjwa ndipo jambo hili linapoonekana ni la uzima ao la maneno. Mzee amelala kitandani. Alibatizwa ujanani, alishika ndoa yake, alifyatua matofali ya kapela pamoja na wenzake, alilea yatima wa ndugu yake. Anauliza: «Padri, niliyoyafanya yanatosha?» Ukimjibu, «Ndiyo, mzee, yanatosha», umemfunga katika kitabu cha hesabu. Usiku atakumbuka dhambi moja ya zamani na hesabu yote itavunjika, nawe hutakuwa pale. Ukimjibu, «Hayo hayana maana, uamini tu», umemnyang'anya kazi ambayo Mungu mwenyewe aliifanya ndani yake kwa miaka hamsini. Trento, katika sura ya 16, inatoa jibu lililo tofauti na yote mawili, nalo lilitoka kwa Augustino: wema wa Mungu kwa watu ni mkubwa hata anataka zawadi zake mwenyewe ziwe mastahili yao. Basi mwambie mzee: «Yale matofali, wale yatima, alikupa yeye. Hatayakana aliyokupa. Umshukuru, na lile lililoharibika umwachie katika kitubio.» Ndipo mzee anaweza kulala.

Na kama mgonjwa hana matofali wala yatima? Tuna mwizi aliyesulibiwa pamoja na Bwana Yezu (Lk. 23). Wengi wanamtaja kama mtu aliyeokoka bila tendo lolote. Hatusomi vizuri. Mikono yake ilikuwa imefungwa msalabani, lakini alikiri kosa lake, alimwonya mwenzake, alimtetea asiye na kosa pahali ambapo wote wengine walimcheka. Imani yake ilikuwa na saa chache tu, na katika saa hizo ilifanya yote iliyoweza.

Tunajua kwamba neno «mastahili» lenyewe lina hatari yake, na hapa lawama inarudi nyumbani kwetu. Kuna wakristu wetu wanaohesabu Ijumaa za kwanza za mwezi kama risiti, na wanaoomba Misa kama mtu anayelipa deni kusudi jina lake lifutwe. Kwa hao Paulo hajafika bado. Na mijini kuna wahubiri wanaopaza sauti, «Imani peke yake!», kisha kabla ya kumaliza wanasema kwamba baraka haitafunguka mpaka bahasha ifike mbele, na kadiri ya bahasha ndiyo kadiri ya baraka. Hatukuona katika wakatolika wa karne ya 16, waliolaumiwa sana kwa biashara ya rehema, bei iliyotajwa kwa uwazi kuliko hiyo. Mkristu anayetoka kwetu kwenda kwao ameacha karani mmoja na kupata mwingine.

Kwa wale watakaofanya kazi ya kutafsiri ao ya kusahihisha vitabu vya mafundisho, tuna ombi dogo. Katika Rom. 4, 3 waache «kuhesabiwa» kama lilivyo, kwani hapo Mtume mwenyewe ameshika kalamu ya karani, na anafanya hivyo kwa makusudi. Katika 3, 28 na katika nusu ya kwanza ya 4, 5 watafute neno jingine. Na neno lolote watakaloliweka hapo waliweke vilevile katika Yakobo 2, 24, hata kama litawasumbua wasomaji.